Niliyoyamwaga Lingwalu

Sogezeni vigoda mkae karibu, wanangu, maana sauti niliyobakiwa nayo haifiki mlangoni. Leticia, acha hayo maji ya kunikanda, utanikanda baadaye kama baadaye itakuwepo. Remmy, kamwombe jirani apunguze redio yake, na akikataa usigombane naye, rudi tu, nitasema juu yake. Na wewe Eusebi, mwanangu wa kwanza, toka huko dirishani uje huku mbele. Najua umeacha duka bila mtu, na najua hatujasemezana vizuri miaka kadhaa sasa, lakini leo kaa. Padre alinipaka mafuta ya wagonjwa jana, nimeungama kwake yote, akanipa malipizi ya sala na nimezimaliza. Lakini padre hatarithi Lingwalu. Mtarithi ninyi, kwa hiyo imenibidi niungame mara ya pili, na safari hii kwenu.

Habari hii mmeisikia vipande vipande. Leticia uliisikia kwa barua ukiwa kazini Mbinga, Remmy uliisikia shuleni kwa kutaniwa, na Eusebi wewe uliisikia kwa Fulgence, tajiri wangu wa zamani, ambaye alikuwa na sababu zake za kuisimulia alivyoisimulia. Kwangu mimi hamjaisikia. Nilikuwa naona haya, halafu nikawa mgonjwa, halafu nikazoea kunyamaza.

Ninyi mlizaliwa hapa mjini Songea, Lizaboni, kwenye bati na maji ya bomba, na Lingwalu mliijua kama mahali pa kwenda likizo kula mahindi mabichi kwa shangazi yenu Walburga. Mimi nilikulia pale. Babu yenu alitoka Mpitimbi akiwa kijana, akiwa njiani kuja mjini kutafuta kazi, akakuta bonde ambalo halikauki hata Oktoba, akasema kazi gani tena ninayoitafuta, akajenga juu yake. Maji yanatoka kwenye chemchemi chini ya mikuyu, kidogo tu, ungedhani ni mtu amemwaga ndoo, halafu yanatawanyika kwenye matete na mafunjo, eneo kubwa kuliko viwanja vitatu vya mpira, na huko chini yanajikusanya tena yanakuwa kijito ambacho vitongoji vitatu vinakunywa. Sisi tunaliita dimba, kama watu wa huku wanavyoita kila bonde la maji wanalolima kiangazi. Tulilima majimbi, mboga na mpunga pembezoni mwake, katikati hatukugusa. Katikati palikuwa pa kambale, vyura na wale korongo wenye taji, ambao walikuja wawili wawili kutaga, na baba alikataza mtu yeyote asikate matete mpaka makinda yaruke. Mvua za kwanza zilipoanguka alitutuma tukatoe mitego yote ya migono majini, kambale wapande kwenda kutaga. Hakutueleza kwa nini. Alisema tu toeni, nasi tukatoa.

Alipokaribia kufa aligawa. Mimi akanipa kipande cha juu, chenye chemchemi, kwa kuwa ni mwanamume. Dada yangu Walburga akampa bustani za chini, kwa kuwa ndiye aliyejua kulima. Na katikati yetu palikuwa na kipande cha mpunga ambacho baba alikuwa amemwazima Majidi. Majidi mnamkumbuka? Leticia, wewe ulikuwa unacheza na binti yake Sharifa. Alikuwa Myao wa Nakapanya, huko Tunduru, alikuja kulima tumbaku upande wa Namtumbo, tumbaku ikamshinda, akafika Lingwalu akiomba pa kulima mpunga. Baba akamwambia lima, ni pako maadamu unalima. Na yeye akalima, na akawa mvuvi wa kambale kuliko sisi tuliozaliwa pale.

Sasa mimi nilikuwa dereva. Miaka ile ya ruksa ya biashara ilipoanza, kila kitu kikaja kwa pamoja, mitumba, sabuni za kunukia, redio kaseti, nyumba za wageni zikaota Songea kama uyoga, na kila nyumba ya wageni ina vyoo, na vyoo vinajaa. Gari la kunyonya vyoo lilikuwa moja tu mjini, nalo likafa. Ndipo Fulgence, aliyekuwa na gereji, akaleta gari lake, akafungua kampuni akaiita Tunza Usafi, akaniita niendeshe. Watu waliliita gari la mavi, na mimi wakaniita dereva wa mavi, lakini lilinisomeshea watoto, sikuona aibu. Kazi yenyewe haikuwa na aibu. Palichimbwa shimo kubwa kilimani, sehemu kavu, mbele ya Lingwalu kama maili tatu hivi, na huko ndiko tulikotakiwa kumwaga.

Mara ya kwanza ilikuwa Februari ya themanini na nane. Mvua ilinyesha tangu asubuhi. Kile kilima ni udongo mwekundu, unateleza kama umepakwa mafuta, na nilipofika katikati gari likaanza kurudi kinyumenyume na mzigo wake wote, breki zinalia, tairi hazishiki, nikaona kifo changu kitanuka. Mungu akaliegemeza kwenye ukingo. Nikalitoa pale kwa shida. Nikarudi mpaka kwenye kalavati la Lingwalu, barabara inapokatiza dimba chini ya chemchemi, nikashuka, nikavuta mpira, nikafungua koki. Mchana kweupe, wanangu. Watu walikuwa ndani kwa ajili ya mvua. Yale maji meusi yakaingia kwenye matete, matete yakajifunga, na baada ya robo saa ilikuwa kama hakuna kilichopita. Nikasema moyoni, dimba hili linameza kila kitu.

Jioni nikamwambia Fulgence. Akasema, "Umefanya vizuri kuokoa gari. Kuna mtu amekuona?"

Nikasema hakuna.

"Basi mvua itasafisha."

Tangu hapo yeye hakuniuliza, na mimi sikumwambia. Ila mvua zilikwisha, barabara ikakauka, kilima kikapandika vizuri kabisa, na mimi nikaendelea kusimama pale kalavatini. Hapo ndipo kosa langu lilipo, si ile siku ya mvua. Siku ya mvua ningeweza kuieleza mbele ya mtu yeyote. Siku za jua siwezi. Nilikuwa nafika nyumbani mapema, ndiyo sababu yote, mnaiona ilivyo ndogo. Nilipachagua pale kwa kuwa palikuwa kwetu, gari langu likisimama pale hakuna anayeuliza, wanasema ni Kajetani amepita kumsalimia dada yake. Na kweli siku nyingine nilikuwa namwaga, halafu nateremka kumsalimia, ananipa majimbi ya kuchemsha, nakula.

Nipeni maji kidogo. Kidogo tu, yanatosha.

Mwaka uliofuata, kiangazi, maji yalipopungua, kambale walianza kuelea. Kwanza wadogo, halafu wale wakubwa kama mkono wa mtu, matumbo juu, katikati ya mafunjo. Korongo hawakuja mwaka ule. Na kwenye vitongoji vya chini watu wakaanza kuugua matumbo, mmoja mmoja, kisha nyumba nzima nzima. Shangazi yenu akashikwa na homa ya matumbo, akalazwa hospitali ya misheni wiki tano. Mimi nilikuwa namtembelea na machungwa. Nilikaa kitandani kwake nikamwekea kitambaa cha maji usoni, na nilijua.

Kijiji kikaita mkutano, darasani pale shule ya msingi, watu wazima tumejibana kwenye madawati ya watoto. Watu walikuwa na hasira na walikuwa na hofu, wakatafuta wa kumtupia. Mmoja akasema samaki hawafi bure, kuna mtu ametia utupa, ule mti wa kulevya samaki. Na nani anavua kuliko wote? Wakamgeukia Majidi. Mgeni, Myao, mtu anayeswali peke yake. Majidi akasimama, kofia mkononi.

"Samaki hawa nakula mimi," akasema. "Maji haya anakunywa binti yangu. Utupa ukitiwa leo, kesho kutwa maji yamerudi kama yalivyokuwa. Haya yananuka mwezi mzima. Nendeni mkayanuse."

Halafu akanitazama. Hakunitazama kwa kunishitaki. Alinitazama kama mtu anayempisha mwenzake mlangoni, aingie yeye kwanza. Na mimi nikainamisha macho nikatazama dawati. Mtoto mmoja alikuwa amechora jina lake kwa kisu, Beda, herufi ya mwisho imekatika. Nikalisoma jina lile mpaka mkutano ukaisha.

Wakampa siku saba. Aliondoka siku ya tano, na mkewe na Sharifa na godoro na kuku wachache, juu ya lori linalokwenda Tunduru. Mpunga wake aliuacha shambani ukiwa umeinama, haujavunwa. Majirani wakauvuna, na gunia moja wakaleta kwangu, kwa kuwa kipande kilikuwa cha baba yangu. Mama yenu akaupika. Mliula, wanangu. Remmy uliomba ukoko.

Na nilidhani mama yenu hajui. Siku moja anasugua mabuti yangu hapo uani, akasema bila kuinua kichwa, "Baba Eusebi, tope la kilimani ni jekundu." Mabuti yalikuwa meusi mpaka kwenye vifundo. Akaendelea kusugua, akayaanika, na hakurudia neno lile mpaka anakufa. Anjelika, mama yenu, aliishi na jambo hilo miaka mitatu kwa sababu yangu, akila na mimi sahani moja. Leticia, usilie, mama yako hakuwa dhaifu. Alikuwa ananisubiri, na mimi nilichelewa.

Shangazi yenu alipotoka hospitali masikio yalikuwa yamekwenda. Sikio la kulia halisikii kabisa, la kushoto mpaka umpigie kelele karibu. Mmemjua hivyo miaka hii yote, mkamcheka kidogo kama watoto wanavyocheka. Ile si shauri ya uzee. Ni homa ile. Ni mimi.

Niliendesha gari lile mwaka mmoja na zaidi baada ya Majidi kuondoka. Nawaambia hili ili msije mkanisifu msibani. Sikuacha kwa toba, niliacha kwa macho kuingia ukungu.

Mama yenu alipofariki, Fulgence mwenyewe ndiye aliyetoa gari dogo tukamleta kutoka hospitali. Si mtu mbaya kwa kila upande, mlijue hilo pia. Lakini siku ya arobaini, watu walipokwisha kula na kuondoka, nikaona mabuti yale yametundikwa uani, safi, hakuna tena wa kuyasugua. Wiki ile ile nikapanda lori la wanunuzi wa korosho mpaka Nakapanya.

Nilimkuta Majidi barabarani, anatengeneza baiskeli. Mvi zimemjaa. Sharifa alikuwa amekuwa mwanamke, anauza maandazi pembeni, akaja akanipa shikamoo bila kunitambua, nikaitikia marahaba. Majidi alinitambua kabla sijafika. Akasema, "Karibu, Kajetani. Mbona umesimama juani?"

Nikamwambia yote hapo hapo, nimesimama. Akaendelea kukaza nati. Nilipomaliza akasema, "Nilikuona. Mara mbili."

"Mbona hukusema?"

"Nani angenisikia? Mimi nilikuwa nimeshakuwa muuaji wa samaki wao. Wewe wangekusikia. Nilikusubiri useme."

Nikamwomba msamaha. Nilipiga magoti, mzee mzima, watu wa barabarani wakawa wanatutazama. Akaniinua, akanikalisha, Sharifa akaleta ugali na samaki mkavu, tukala. Alipokwisha kunawa akaniambia maneno ambayo sijayasahau. "Msamaha mimi ninao, Mwenyezi Mungu ni shahidi. Lakini hapa Nakapanya hautanifaa, maana hapa hakuna anayeniita mtia sumu. Nenda kaseme kule kule uliponyamaza." Kisha akaniuliza kama kambale wamerudi. Nikasema bado. Akatikisa kichwa, akarudi kwenye baiskeli yake.

Mnadhani nilirudi nikasema? Nilirudi nikanyamaza mwaka mwingine na nusu.

Kilichonifungua mdomo ni Fulgence. Mwaka tisini na nne alikuja hapa hapa, akakaa kwenye kiti kile, ana ramani. Mji umekua, akasema, kampuni inataka kujenga mahali pa kudumu, dampo la takataka na mabwawa ya maji ya vyoo, na mahali panapofaa ni Lingwalu, kipande changu cha juu. Nikamwuliza, juu ya chemchemi? Akasema, "Mzee Kajetani, lile dimba limekwisha kufa. Kila mtu anajua yule Myao alilitia sumu. Hakuna samaki, hakuna ndege, watu wanaugua. Tukilifukia tutakuwa tumewasaidia."

Mnaelewa, wanangu? Uongo wangu ulikuwa umekua, umekuwa sababu. Nilikaa kimya wamfukuze mtu, sasa kimya kile kile kinafukia maji ya baba yangu.

Eusebi, wewe ulikuwepo siku ile. Fulgence alikuahidi duka kubwa zaidi, na ulikuwa umeshaanza kulipanga kichwani. Nilipokataa uliniambia mimi ni mzee ninayekumbatia matope. Hukujua, nami sikukuambia. Nakuomba radhi kwa hilo.

Mkutano ukaitwa, darasa lile lile. Bwana ardhi alikuja na bwana afya, Fulgence kavaa suti. Akaeleza vizuri, na wengi waliitikia kwa vichwa, kwa kuwa walikuwa wamechoka na lile bonde linalonuka. Bwana ardhi akauliza kama kuna mwenye neno. Nikasimama. Nikashika dawati. Nikasema, Majidi hakutia utupa. Aliyemwaga ni mimi. Nilimwaga vyoo vya mji kwenye kalavati kwa miaka mitatu, kiangazi na masika, na shimo la kilimani lilikuwepo. Dimba halikufa, liliuliwa, na likiachwa litapona, maana chemchemi bado ni safi, nendeni mkachote juu mkalinganishe na chini.

Hakuna aliyepiga kelele. Ningependa wangepiga. Watu waligeuza nyuso polepole, na hawakunitazama mimi, walimtazama Walburga, aliyekuwa amekaa mbele na jembe lake. Yeye hakuwa amesikia. Aliziona zile nyuso akauliza kwa sauti yake ile kubwa ya kiziwi, "Amesemaje? Kajetani amesemaje?"

Hakuna aliyethubutu kumwambia. Mwenyekiti akatazama chini. Nikaona ni mimi. Nikaenda nikainama, nikaweka mdomo kwenye sikio lake la kushoto, nikapiga kelele mbele ya kijiji kizima, "Dada, ni mimi niliyemwaga mavi ya mji kwenye maji yako. Ni mimi niliyekutia ugonjwa."

Akanitazama. Akasema, "Rudia."

Nikarudia.

Akasema tena, "Rudia."

Nikarudia mara ya tatu, machozi yanamdondokea begani. Ndipo akachukua jembe lake, akasimama. "Nilisikia tangu mara ya kwanza," akasema, akatoka. Hakukanyaga nyumba hii miaka miwili. Halafu msimu mmoja akaleta majimbi, akayaweka mlangoni, akaondoka bila hodi. Sijui kama ule ni msamaha. Niliyala.

Bwana afya alichukua maji ya juu na ya chini kwenye chupa, yakapelekwa kupimwa, na barua ilipokuja ilisema kama nilivyosema. Kampuni ikaambiwa irudi kilimani kukavu, na Lingwalu ikaachwa. Mwaka wa kwanza hakikubadilika kitu. Mwaka wa pili vyura. Mwaka jana Walburga alituma mtu aniambie kambale wadogo wameonekana, na korongo wawili walipita, wakasimama siku nzima, wakaondoka. Hawakutaga. Lakini walisimama.

Mwenyekiti aliandika barua yenye mhuri wa kijiji kumsafisha Majidi, nikaibeba mwenyewe mpaka Nakapanya. Majidi alikuwa amefariki Ramadhani iliyopita. Sharifa akaisoma kwa sauti pale barabarani, na majirani zake wakamwuliza, sumu gani? Marehemu alihusikaje na sumu? Hakuwahi kumwambia mtu. Ni barua yangu iliyopeleka lile neno mahali ambapo halikuwahi kufika. Sharifa akaikunja ikawa ndogo kabisa. Akasema, "Mzee, hii ingetufaa mwaka ule."

Ngojeni. Ngojeni nipumue.

Sasa, Eusebi. Shangazi yako ametuma habari kwamba kuna vigingi vipya Lingwalu, vimepakwa rangi nyeupe, na waliovipiga walikutaja wewe kwamba umekubali dampo lijengwe. Usikatae, sina nguvu ya kubishana. Najua unasema safari hii si maji ya vyoo, ni takataka kavu tu, chupa, betri, mifuko ya nailoni. Mwanangu, mavi yale yalikuwa ya watu, yalipata miaka michache yakaoza. Betri haiozi. Najua pia ulivyoteseka baada ya mimi kusema, wateja walivyokuita mtoto wa dereva wa mavi, ukafunga duka siku mbili. Nililisikia na sikuja kukupa pole. Leo nakupa. Lakini ng'oa vile vigingi. Kesho, kwa mikono yako, usitume mtu.

Nagawa hivi. Nyumba hii ni ya Eusebi, na duka lake hakuna wa kuligusa. Leticia, cherehani ya mama yako, na chumba cha nyuma ni chako siku yoyote utakayorudi, hata ukirudi na hasira. Remmy, baiskeli na vifaa vyangu vyote vya gari. Kipande cha mpunga si chetu tena, ni cha Sharifa binti Majidi. Nimekwisha kuandikisha kwa mwenyekiti, na asipotaka kuja kulima kikae hivyo hivyo na jina lake, msikisogelee. Kipande cha juu ni chenu wote watatu bila kugawana, na hauzi mmoja wala wawili, na shangazi yenu aulizwe kwanza. Kwenye sikio la kushoto. Mpigieni kelele mpaka asikie. Ile mikaratusi niliyopanda karibu na chemchemi ikateni, inakunywa maji. Mikuyu msiiguse. Migono itolewe mvua ya kwanza.

Bado maziko. Sikilizeni hapa, maana wazee wa ukoo watawasumbua. Babu yenu amelala juu ya chemchemi, na bibi yenu, na watasema ni lazima nilale miguuni pao. Msinipeleke. Nizikeni hapa mjini, makaburi ya misheni, kukavu. Wakiuliza, semeni nimekataa mwenyewe, kwamba pale nimekwisha kumwaga vya kutosha.

Sogeeni. Hapa hapa kitandani. Leticia, niwekee mkono wangu juu ya kichwa chako, siwezi kuuinua. Hivyo. Remmy, na wewe, inama. Eusebi... njoo, mwanangu. Mkono wako ni wa baridi. Au ni wangu.

Sina baraka ya mali. Mungu awape watoto. Awape afya, na mpendane, msikae miaka bila kusemezana kama mimi na dada yangu. Awape kazi... kazi ambayo mtaweza kuwasimulia watoto wenu, yote, bila kuruka siku. Hiyo ndiyo. Ningeomba kubwa kuliko hiyo kama ningeijua.

Kwa jina la Baba... na la Mwana...

Malizieni ninyi.